Shefu kaandika "You might want to count", mimi nikajibu "No thank you": nisaidieni hizi might, could na may

MtunzaDepo_Ndosho
Jambo bandugu na badada. Uzi utakuwa mrefu kidogo, lakini someni mpaka chini. Kuna mtu anahitaji msaada na mtu huyo ni mimi.

Ninatunza depo ya shirika moja hapa Goma, msiniulize lipi. Miaka minne shefu wetu alikuwa mtu wa Kifaransa, maneno yetu yakaenda vizuri. Tangu mwezi wa tatu tuna shefu mpya, mama mmoja mpole kabisa, ila Kifaransa chake ni "bonjour" na "merci" basi. Barua zote zinakuja kwa Kiingereza. Na Kiingereza changu ni kile cha sekondari, darasa la watu sitini, mwalimu anakuja mwezi akilipwa.

Jumanne moja akaniandikia hivi: "You might want to count the tarpaulins again before Friday." Nikafungua kamusi ya simu. "Might" ni labda. "Want" ni kutaka. Labda unataka kuhesabu mabashi (maturubai) tena kabla ya Ijumaa. Nikajiuliza moyoni: nataka? Hapana. Niliyahesabu Jumamosi peke yangu, marobota 214, mgongo ukakaribia kukatika. Nikamjibu kwa heshima zote: "No thank you, madam. I don't want."

Chekeni, nawangoja.

Ijumaa wakaja wakaguzi. Marobota sita hayaonekani. (Yalikuwa nyuma ya ndoo, yakapatikana saa nane mchana, lakini hilo halikuandikwa popote.) Jumatatu nikaletewa ile karatasi tunayoijua wote, "demande d'explication", nieleze ndani ya saa 48 kwa nini nilikataa amri ya mkubwa wangu. Amri! Mimi amri sikuiona. Niliona mtu ananiuliza kama ninataka.

Sasa kuna jambo la pili, ndilo linaloniharakisha. Baada ya wiki mbili tunapeleka mahari ya mdogo wangu kule Bukavu. Ninahitaji Alhamisi na Ijumaa, na ruhusa namwomba mama huyohuyo, kwa maandishi. Nimeandika "Can I", nikafuta. Nimeandika "May I", nikafuta. Mtoto wa dada yangu anayesoma Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, ananiambia niandike "Could I". Lakini "could" si wakati uliopita? Mimi sikwenda Bukavu. Nataka kwenda.

Motari_wa_Birere
"No thank you, madam. I don't want." 😂😂😂 Nimesimamisha moto (pikipiki) kando ya barabara nimalize kucheka. Abiria kakasirika, kashuka, kaenda.

MamaSambaza
Pole ndugu. Miye niko upande wako. Kama mutu anataka uhesabu, aseme "hesabu". Juu ya nini kuzunguka?

Mwalimu_wa_Himbi
Mtunza depo, pole. Nimefundisha Kiingereza mjini humu tangu kabla lava ya 2002 haijapita katikati ya mji, na kosa lako nalijua kama mlango wa nyumba yangu. Weka kamusi pembeni kidogo.

Jirani akija kwako jioni, kikombe mkononi, akasema: "Jirani, nilikuwa naomba chumvi kidogo." Utamjibu nini? Utamwuliza "Ulikuwa unaomba lini? Sasa huombi tena?" Hutamwuliza hivyo. Utampa chumvi. Anaomba sasa hivi, kikombe unakiona, ila ameirudisha sentensi nyuma kwa "nilikuwa" ili ukikosa chumvi useme huna, na asiaibike yeye wala wewe.

"Could" ni hiyo "nilikuwa".

Kwa umbo, "could" ni wakati uliopita wa "can", na "might" ni wakati uliopita wa "may". Kwa kazi, mara nyingi hazina habari na jana. Zinasema tu: nimesimama hatua moja nyuma ya jambo hili. Ukisimama nyuma ya kitu unachokiomba, unakuwa mpole. Ukisimama nyuma ya kitu unachokisema, unakuwa huna hakika nacho. Hatua ni ileile. Wafaransa wana umbo lao maalumu, "pourrais-je", sisi tuna "-nge-", Mwingereza hana la namna hiyo, anakwenda kuazima kwenye wakati uliopita. Kwa hiyo mpwa wako wa Gisenyi yuko sahihi, mnunulie soda.

"Could I take Thursday and Friday off?" ni ombi la kazini la kawaida. "Can I" si kosa, ni lugha ya waliozoeana. Walimu wetu walitupigia fimbo wakisema "can" ni uwezo tu na ruhusa ni "may" peke yake, wakati Waingereza wenyewe wanaombana ruhusa kwa "can" asubuhi mpaka jioni. "May I" ina tai shingoni, inamwinua mwenye kutoa ruhusa. "Might I" huisikii siku hizi ila kwa mawakili na wazee wenye fimbo.

Sasa angalia jibu, hapa wengi huanguka. Ukiomba kwa "could", hujibiwi kwa "could". Atakwambia "Yes, you can", au "Yes, you may" akitaka urasmi. "Yes, you could" si ruhusa. Anayeomba ndiye ana sababu ya kurudi nyuma. Anayetoa ruhusa funguo anazo yeye, arudi nyuma kwenda wapi? Hata sisi, mtu akisema "nilikuwa naomba chumvi", unamjibu "chukua", humjibu "ulikuwa unachukua".

Na "you might want to": hiyo "want" imekwisha ladha ya kutaka. Ni mkubwa anayekuambia "ingefaa uhesabu", na mkubwa akisema ingefaa, inafaa. Alirudi hatua moja ili usijione umeamrishwa kama mtoto. Wewe ile nafasi aliyokuachia ukaigeuza mlango wa kutokea.

MamaSambaza
Nilikuwa naomba chumvi!!! Mwalimu umeniua. Njo vile tunasema kila siku na sijawahi kuiona.

MtunzaDepo_Ndosho
Mwalimu, heshima yako. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo ningemjibu nini siku ile?

Mwalimu_wa_Himbi
"Will do." Maneno mawili. Halafu unaenda kuhesabu.

Chukudu_Mzee
Mimi nina ubishi. Sisi tulifundishwa kwamba "may" ni asilimia 50 na "might" ni asilimia 30. Kulikuwa na jedwali ubaoni, tulilinakili na rula. Wewe unasema zote ni kurudi nyuma tu. Basi ipi iko mbali zaidi?

Mwalimu_wa_Himbi
Mzee, jedwali lile nalikumbuka, hata mimi nililiandika ubaoni nikiwa kijana. Choma. Hakuna Mwingereza anayepima mvua kwa asilimia kabla ya kuchagua kati ya "it may rain" na "it might rain". Wapo wanaosikia "might" iko mbali kidogo zaidi, wapo wasiosikia tofauti yoyote. Mtu akinuna akasema "I might come", haji. Akitabasamu, anakuja. Uso unakuambia zaidi ya kitenzi.

Lushois_wa_Kenya
Miye niko wa Lubumbashi, kommini ya Kenya, musicheke Kiswahili yangu. Kazi yangu ni shofere wa kamyo, napita mupaka kuenda Zambia. Siku moja mutu wa ofisi moja kule anipe karatasi anasema: "You could pay at the other window." Nasikia "could", najua ni ya zamani. Nasema mu roho: basi, nilikuwa na chance ya kulipa kule na imenipita. Narudia ku kamyo, nakaa. Masaa tano! Kumbe dirisha iko wazi na mutu alikuwa ananionyesha njia.

Motari_wa_Birere
Masaa tano 😭

Mwalimu_wa_Himbi
Karibu ndugu wa Lubumbashi, Kiswahili chako kinaeleweka vizuri kuliko Kiingereza cha yule wa dirishani. Huyo alikuwa anakupa njia moja kati ya njia nyingi. "You could pay there" ni kama "si ulipe pale?" Ndiyo kazi nyingine ya "could", kupendekeza bila kusukuma. Ruhusa angekuambia "You can go", na ungeona anainua mkono.

Ila usijilaumu, masikio yako hayakukosea bure. "Could" ya zamani ipo: "When I was a child I could play by the lake all day", wazazi waliniruhusu. Lakini hata hiyo ni ruhusa ya jumla, ya siku zote. Kama ni ruhusa ya jana, mara moja, husemi "Yesterday I could leave early", unasema "I was allowed to leave early". Na ukisimulia maneno ya mtu, "She said I could go", hapo "could" ni "can" yake iliyorudishwa nyuma na masimulizi. Sasa nimeingia darasani, nisameheni.

Motari_wa_Birere
Mwalimu swali la kijinga. Hiyo L ndani ya could inafanya nini? Hatuisomi.

Mwalimu_wa_Himbi
Si la kijinga. Haina kazi. Zamani neno halikuwa na L. "Would" na "should" zina L zao halali, kutoka "will" na "shall", basi waandishi wakaona "could" iko uchi wakaivisha na yenyewe. Na ukitaka jingine la namna hiyo: "can" asili yake ni kujua, na "may" asili yake ni kuwa na nguvu, ndiyo maana mpaka leo "might" ikiwa nomino ni nguvu. Neno la nguvu limezeeka likawa neno la wasiwasi.

Dada_Farmasi
Naingilia. Mimi niko kwenye farmasi upande wa Katindo. Dawa nyingi zinazotufikia karatasi yake ni Kiingereza. Mwaka jana tulikuwa na kijana wa stage, wa kujifunza kazi, mtoto mzuri, mchapakazi. Mteja kaja kuchukua dawa ya mafua, boksi limeandikwa "May cause drowsiness". Kijana akamsomea: "Mama, dawa hii inaruhusu kusinzia."

Mama akafurahi. Akauliza kama inaruhusu na akiwa sokoni.

Tulicheka, lakini nilipokaa na zile karatasi nikaona kijana ana haki. Karatasi ileile, mistari minne chini: "May be taken with or without food." Hapo ni ruhusa kweli, meza na chakula au bila chakula. Juu ni onyo, huenda ikakuletea usingizi, usipande moto. Neno moja! Mwalimu, mtu wa Kiingereza anajuaje?

Mwalimu_wa_Himbi
Anaangalia nani ana kibali. Dawa haiombi ruhusa ya kuleta usingizi, mvua haiombi ruhusa ya kunyesha. Hapo "may" ni "huenda". Mtu mwenye hiari akiwa ndani ya sentensi, na kuna mwenye nyumba au sheria nyuma yake, hapo ni ruhusa. "Visitors may stay until six": mlango wa hospitali, ruhusa. Lakini mwenyeji wako akisema jikoni "The visitors may stay until six", anahofia chakula hakitatosha. Wao wenyewe huchanganyikiwa, ndiyo maana kwenye mazungumzo ya kila siku ruhusa wameiachia "can" na mashaka wameyaachia "might". "May" imebaki kwenye karatasi.

Kijana_wa_Buhene
Niongeze ya mlima, kwa sababu kwetu "could" si mambo ya darasani.

Mnakumbuka Jumamosi ile, 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikaja mpaka kwetu Buhene. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka hata sahani zikawa zinatembea mezani zenyewe. Alhamisi tarehe 27, asubuhi mapema, tangazo likatoka kwamba kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame, kwamba mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya ziwa, hauwezi kukataliwa. Kifaransa chao kilikuwa cha "pourrait", ndiyo "could" yao. Muda si mrefu simu zikajaa Kiingereza, "could erupt", "could occur", kila mtu anamtumia mwenzake.

Bibi yangu alikuwa anafunga vyombo. Akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia: "Wanasema mlima unaweza kulipuka." Bibi aliukimbia mlima ule 1977, akaukimbia 2002, akaukimbia na Jumamosi ile. Akaniangalia. "Najua unaweza. Nimeuona ukiweza mara tatu. Nauliza, utalipuka?"

Nikakosa jibu. Niliposoma upya ndipo nikaelewa tafsiri yangu ilikuwa mbovu. "Unaweza" kwetu ni kuwa na uwezo, na uwezo wa Nyiragongo hauhitaji tangazo. Nikamwambia: "Bibi, wanasema huenda ukalipuka, huenda usilipuke, na hata wao hawajui." Bibi akasema: "Hiyo sasa nimeielewa." Akachukua redio yake na godoro dogo, tukashika barabara ya Sake kwa miguu pamoja na mji mzima.

Mlipuko wa pili haukuja. Watu wakaanza kurudi mwezi wa sita.

Chukudu_Mzee
Nilikuwa kwenye barabara hiyo, nimebeba magodoro ya watu sita kwenye chukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao. Kwa hiyo ile "could" ilikuwa uongo?

Kijana_wa_Buhene
Mzee, ingekuwa uongo kama wangesema "will".

Mwanafunzi_Jiolojia
Kijana wa Buhene umegusa somo langu. Tofauti ya bibi yako iko kwenye Kiingereza vilevile, na sisi tunaiona kwenye mazuku. Neno hilo letu limeingia jinsi lilivyo kwenye maandishi ya Kiingereza ya wataalamu wa volkano. Ni gesi, kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inatoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo usiku na alfajiri wakati upepo haupo. Mnajua wanyama wanavyokutwa wamelala humo.

Basi, "Mazuku can kill" ni tabia ya mazuku, jana, leo na kesho. "There may be mazuku in that hollow" ni shimo lile pale, asubuhi hii, sijui, usimtume mtoto. "Can" kwa tabia, "may", "might" au "could" kwa tukio hili moja. Goma usiku "can be cold". Lakini nikiangalia mawingu juu ya ziwa sasa hivi siwezi kuandika "It can rain this evening", ingawa Kifaransa "il peut pleuvoir" kinanisukuma huko. Profesa alinikatia alama kwa hiyo moja.

Kuhusu asilimia za Mzee wa chukudu: wanasayansi wa tabianchi wa IPCC nao walichoka na maneno yasiyo na mipaka, wakatengeneza jedwali lao. Kwao "likely" ni kuanzia asilimia 66 mpaka 100. Ila "may" na "might" hawakuziweka kwenye jedwali.

Chukudu_Mzee
Kwa hiyo jedwali lipo! Nilisema!

Mwalimu_wa_Himbi
Mzee, jedwali lipo, "might" haimo. Nimeshinda mimi.

MtunzaDepo_Ndosho
Nimerudi. Samahani, nilikuwa napokea kamyo ya sabuni. Mambo mawili kabla ya barua yangu.

Kwanza, getini kwetu kuna karatasi: "Staff may not leave the duty station without written approval." Siku zote nimeisoma "huenda wafanyakazi wasiondoke mjini". Nikaona ni utabiri.

Pili, baada ya kujibu ile demande d'explication, shefu kaniandikia mstari mmoja tu: "You could have asked me." Ananiambia nilikuwa na ruhusa ya kumwuliza?

Motari_wa_Birere
Utabiri 😂 ndugu huyu wamtunze kwenye jumba la makumbusho

Mkalimani_Kyeshero
Mwalimu apumzike, nijibu mimi, kazi yangu ni mikutano ya lugha tatu kila wiki.

Ya getini ni marufuku. "May not" ina nyuso mbili. Kwenye kanuni ni "hairuhusiwi". Kwenye maongezi, "She may not come", ni "huenda asije". Ndiyo maana ukitaka kusema huenda kitu kisiwe, tumia "might not", humpi mtu nafasi ya kuelewa vibaya. Na usiweke "could not" mahali pake, hapo ndipo wakalimani wanaoanza huvunjika miguu. "The key might not be in the depot" ni huenda ufunguo haumo depo. "The key couldn't be in the depot" ni haiwezekani ufunguo uwe depo. Kiswahili kinaonyesha wazi, angalia ukanushi umekaa wapi. Mara ya kwanza umekaa kwenye ufunguo, mara ya pili umekaa kwenye uwezekano. Nilishawahi kutafsiri ya kwanza kama ya pili kwenye mkutano, watu wakaacha kutafuta kitu kilichokuwa mlemle. Sitasema kitu gani.

Ya pili, pole. Huo si wema wala ruhusa. "You could have asked me" ni "ungeniuliza", ile ambayo mama zetu wanaisema wakiwa wamekunja mikono. Njia ilikuwa wazi na hukupita.

MtunzaDepo_Ndosho
Ungeniuliza. Sasa imeniuma, nilikuwa sijaumia.

Barua yenyewe hii hapa, msinihurumie:

"Dear Madam, I would can go to Bukavu Thursday and Friday? My small brother marries himself. Maybe you may want to accept. Thank you."

Dada_Farmasi
"Marries himself" 😭 mahari itakuwa rahisi basi, anajilipa mwenyewe.

Mwalimu_wa_Himbi
Kimya, msimvunje moyo, kuna akili ndani ya barua hii. "I would can" ameitafuta "je pourrais". Ndugu yangu, vitenzi hivi havina kitenzi-jina, hakuna "to can", kwa hiyo huwezi kukiweka nyuma ya "would". Ukihitaji "would", sema "would be able to". Lakini hapa huihitaji, "could" ndiyo "would can" yako, imeshaiva. Wala haifuatwi na "to", wala "s" kwa "he" na "she".

"Maybe you may want to accept" iondoe kabisa. Wewe huwezi kumwambia mkubwa "you may want to". Ile hatua ya nyuma ya mkubwa ni upole, yako itaonekana unampa amri kwa mgongo. Hata kwetu, mtoto hamwambii baba "ingefaa unipe pesa".

Andika: "I was wondering if I could take Thursday and Friday off. My younger brother is getting married in Bukavu." Ona "was" na "could", umerudi hatua mbili. Ni "nilikuwa nawaza kama ningeweza". Hakuna anayekasirikia sentensi hiyo.

Mkalimani_Kyeshero
Hapa nakataa kidogo, Mwalimu, kwa heshima. Mtu huyu ametoka kwenye karatasi ya maelezo. Akianza kurudi hatua mbili, kesho atarudi tatu, "I was wondering if I might possibly", atafika ukutani. Nawaona watu wetu kila siku, wakijua tu kwamba Kiingereza kinapenda upole wanainama mpaka ombi halionekani tena. Kuomba siku mbili za mahari ni haki yake. "Could I please take Thursday and Friday off?" inatosha, sababu mstari mmoja, nani atashika funguo mstari mmoja.

Mwalimu_wa_Himbi
Mstari wa funguo nakubali, sikuufikiria. Wa kurudi nyuma bado nina "wondering" yangu. Ila barua ni yake.

MamaSambaza
Miye ninge-sema "could" ya mukalimani. Jirani mwenye anazunguka sana mbele ya kuomba chumvi, unaanza kuogopa iko anaomba nyumba.

MtunzaDepo_Ndosho
Nimechukua ya mkalimani na funguo zake, nikaweka "wondering" ya Mwalimu mwanzoni kwa sababu nimeipenda sauti yake. Nimetuma. Tumbo linanguruma.

Lushois_wa_Kenya
Usikae ndani ya kamyo masaa tano kungoja jibu.

MtunzaDepo_Ndosho
Jibu limekuja. Nainakili kama lilivyo:

"Of course you can! Congratulations to your brother. You might want to hand over the keys on Wednesday."

Mwalimu_wa_Himbi
Umeona? Umeomba kwa "could", kajibu kwa "can".

Motari_wa_Birere
Mtunza depo, swali: je, unataka?

MtunzaDepo_Ndosho
Nataka sana. Funguo ziko mkononi, naelekea ofisini kwake sasa hivi.

Dada_Farmasi
Leo Jumatatu, kaka. Kasema Jumatano.

MtunzaDepo_Ndosho
Nimeshagonga mlango.